Mgombea Mwenza Anayekula Senene

Mimi si mtu wa kubadilikabadilika. Nalisema mapema ili asiyependa watu wa namna yangu aondoke akatafute wengine. Misa nasali ya kwanza, nakaa karibu na nguzo ile ile, na mwanamume mzima nikikutana naye njiani namwamkia kwa magoti hata kama mvua imenyesha. Na katika chama chetu cha msingi cha kahawa, huku kwetu Muleba, kura yangu ni ya mzee wetu mwenyekiti, Ta Aristides. Mume wangu Karugendo alimchagua miaka yote. Karugendo alipofariki nikarithi kibanja, nikarithi na uanachama, na kura nikaendelea nayo pale pale alipoiachia, kama nilivyoendelea kupalilia migomba yake.

Wajane tunakaa benchi la mbele. Siku ya uchaguzi hatuandiki karatasi. Mgombea anasimama upande wake wa ghala, na wanaomtaka wanakwenda kusimama nyuma yake, macho kwa macho. Mimi nikisimama, benchi zima linasimama. Sijawahi kuwaomba. Jirani yangu Celina anasema wananifuata kwa sababu kati yetu sote mimi peke yangu huwa nina uhakika ninakokwenda.

Sasa katiba yetu ina jambo moja. Anayetaka uenyekiti lazima aje na mwenza wake, yaani makamu, na wanachaguliwa pamoja. Ukimtaka mmoja, umewabeba wote wawili. Miaka yote mwenza wa Ta Aristides alikuwa mzee mmoja mpole ambaye kazi yake ilikuwa kuitikia. Mzee huyo alipohamia kwa mwanawe huko Nshambya, mjini Bukoba, kila mtu alijua nafasi ni ya Ta Lwakatare. Lwakatare aliwahi kuwa katekista. Ana koti, ana sauti, na akisema "ndugu wanachama" hata kuku wanaodonoa ghalani wanatulia.

Basi Jumapili moja baada ya Misa tukakusanyika ghalani kumsikia Ta Aristides akitaja jina. Lwakatare alikuwa ameshafunga vifungo vya koti na ameinuka nusu. Ta Aristides akakohoa, akasema, "Mwenza wangu ni Shamsa."

Lwakatare akabaki vile vile, nusu amesimama nusu amekaa, hajui ashuke au apande. Celina akanifinya paja. Mimi nikageuka nyuma kumtafuta huyo Shamsa mwingine, maana kijijini kwetu Shamsa ninayemjua ni mmoja tu, naye ni mke wa mwanangu.

Hakukuwa na mwingine. Alikuwa yeye, amesimama mlangoni mwa ghala na kitenge chake cha kazini, vumbi la kahawa hadi kwenye nyusi.

Shamsa ni mzaliwa wa Bilele, Bukoba mjini. Ni binti wa Kiislamu, na babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo akaoa huku huku. Mwanangu Mushumbusi, anayefundisha shule ya msingi kule Ngenge na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, alimleta siku moja mchana akasema, "Mama, huyu ndiye," kisha akauliza kama kuna chakula. Hivyo tu. Nilinuna msimu mzima. Karugendo, Mungu amrehemu, hakununa hata kidogo, na hilo nalo likanifanya ninune zaidi.

Mwaka ule wa kwanza senene, wale panzi wetu wa kuliwa, walianguka wengi. Kwetu sisi wa zamani senene wana utaratibu wao. Mwanamke anawaokota alfajiri kwenye nyasi zenye umande, anawanyonyoa mabawa na miguu, anawakaanga, anampelekea mume. Mume anakula. Msimu ukiisha anamnunulia mkewe kitenge. Mwanamke hali. Mama yangu aliniambia anayekula atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene, na mimi sikuwa mtoto wa kubishana na mama. Nimekaanga senene maisha yangu yote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka meno yangu.

Shamsa alinyonyoa nami vizuri, mikono yake ni myepesi. Nikapeleka sahani kwa Karugendo. Yule binti akanyoosha mkono, mbele ya baba mkwe wake, akachukua wawili, akatafuna, akasema, "Baba, wamepungua chumvi."

Nilitamani ardhi inimeze. Karugendo alicheka mpaka akashika ubavu. Akaonja tena, akasema, "Mwache, mama. Kweli chumvi imepungua."

Alipojifungua mtoto wa kwanza, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumvua mjukuu kofia. Nesi akadhani nataka kumbusu utosi. Nilikuwa nakagua kichwa. Kilikuwa cha mviringo, kizuri kabisa. Wa pili naye hivyo hivyo. Nikajiambia Mungu amemhurumia kwa kuwa si Mhaya.

Lakini nisimseme vibaya tu. Karugendo alipofariki, Shamsa alilala nami chini kwenye nyasi siku zote za msiba. Mimi na rozari yangu, yeye na tasbihi yake, na hakuna aliyemwuliza mwenzake anahesabu nini. Wengine walikwenda kulala vitandani kwao. Yeye hakuondoka. Tangu hapo nampenda. Sikupanga kumpenda, lakini nampenda, na mtu akipita njiani akasikia namgombeza asidhani vinginevyo.

Ila kumpenda mkwe ni jambo moja, na kumkabidhi chama cha kahawa ni jambo jingine. Ni mwanamke. Bado kijana. Ni mtu wa mjini. Na anakula senene mbele ya wanaume. Unaweza kucheka, lakini hilo la mwisho ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa sababu nilijua wakubwa wenzangu watalisema, na wakilisema sitakuwa na la kujibu. Nimelisema mwenyewe kabla yao.

Jioni ile akapika ndizi na maharage, akaniletea maji ya kunawa, akaniwekea sahani. Nikala nikitazama ndizi tu.

"Mama, umekasirika," akasema.

"Sijakasirika. Ndizi hazijaiva."

Zilikuwa zimeiva sana.

Kesho yake nikachukua fimbo yangu nikaenda kwa Ta Aristides. Nilimkuta uani anageuza kahawa kwenye mkeka. Nikapiga magoti, nikamwamkia, akaniletea kigoda na akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo. Nikatia punje mdomoni, kisha nikamwuliza, "Ta, unaumwa?"

"Siumwi, waitu, ndugu yangu."

"Basi ni nini kilichokufika jana? Lwakatare yupo. Ana koti."

Akacheka. Ta Aristides ana meno machache lakini hayafichi. "Ma Immakulata," akasema, "unakumbuka siku kahawa yangu iliporudishwa?"

Nani asiyekumbuka! Ilikuwa msimu uliopita. Shamsa alikuwa ameajiriwa ghalani kupokea kahawa. Ta Aristides, mwenyekiti mzima, akaja na magunia yake kwenye baiskeli, watu wakampisha mbele. Shamsa akatoka, akapiga magoti chini kwenye vumbi, akamwamkia kwa heshima zote, kwa kile Kihaya chake cha Bilele. Halafu akaingiza mkono guniani, akachota kiganja, akakitikisa sikioni. Kahawa kavu inalia. Ile haikulia. Na akiwa bado amepiga magoti akamwambia, "Baba, hapana. Hii haijakauka. Irudi nyumbani."

Ta Aristides aligeuza baiskeli, akaondoka na magunia yake kama mtu aliyefukuzwa msibani. Nilimgombeza Shamsa njia nzima hadi nyumbani. Nilimwambia, mwenyekiti haambiwi hapana. Akanijibu, "Mama, mbona nilipiga magoti?"

"Nilikasirika wiki nzima," Ta Aristides akaniambia pale uani, mkono wake bado kwenye kahawa. "Mke wangu alikoma. Halafu hasira ilipoisha nikaanza kuwaza ni nani mwingine aliyewahi kuniambia hapana tangu niwe mwenyekiti."

"Nani?"

"Hakuna. Ni yule binti tu. Lwakatare anaitikia kabla sijamaliza kusema. Nikimweka Lwakatare nitakuwa nimejiweka mwenyewe mara mbili. Na mimi nazeeka, Ma. Nakosea, na watu wananipisha mbele."

Nikatafuna kahawa yangu. Neno lilikuwa zito, na sikutaka kulikubali, basi nikatafuta kosa jingine. "Ungeniuliza. Ni mkwe wangu. Anakaa nyumbani kwangu. Umemtangaza mbele ya watu wote, mimi nimekaa benchi la mbele kama mgeni."

"Wewe?" Akashangaa kweli, masikini. "Wewe nikuulize nini, bojo? Wewe utasimama nyuma yangu. Unasimama miaka yote."

Alisema kwa upendo. Najua alisema kwa upendo. Lakini nikaacha kutafuna. Kumbe mimi kwake nilikuwa kama nguzo ya ghala, na nguzo hakuna anayeiuliza kitu. Nikatema maganda ya kahawa, nikashika fimbo.

"Safari hii, Ta," nikamwambia, "usiniweke mfukoni kabla sijaingia."

Nikaondoka bila kuaga vizuri, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Siku iliyofuata nikakata mkungu wa ndizi, maana kwa wakwe hakwendwi mikono mitupu, nikapanda gari la asubuhi kwenda Bukoba. Nilikuwa na mpango. Shamsa ana mama yake mzazi, Bi Maimuna, anakaa Bilele kwenye nyumba ya marehemu mumewe. Mama akimkataza binti, binti atasikia, na mimi nitakuwa sikusema neno lolote.

Maimuna alinipokea mlangoni na mikono yenye unga. Anapika maandazi ya kuuza. Huwa tunataniana, mimi na yeye, tangu siku ya harusi.

"Mkwe!" akasema. "Umeleta ndizi, basi umekuja kuomba kitu."

"Nimekuja kukuomba umkataze binti yako kugombea."

Akacheka kwa sauti hadi jirani akachungulia. Akaniketisha, akanimiminia chai ya maziwa, akaniwekea maandazi mawili. Halafu akaacha kucheka.

"Nimeshamkataza," akasema. "Alipiga simu juzi kunieleza. Nikamwambia mambo ya kahawa yana wenyewe, we mtoto wa Bilele umeyatoa wapi. Unajua alinijibu nini?"

"Alisema nini?"

"Alisema si mimi wa kumkataza." Maimuna akafuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Alisema, mama, huku kijijini mama yangu ni Ma Immakulata. Yeye akiniambia hapana nitakaa chini. Hata kama ni siku yenyewe, hata kama watu wameshasimama, nitakaa chini na sitamuuliza sababu. Hivyo ndivyo alivyosema, binti niliyemzaa mimi kwa uchungu wangu. Ruhusa anaomba kwako."

Yeye akanisogezea andazi.

"Sijui nikuchukie au nikushukuru," akasema. "Kula, linapoa."

Nilirudi Muleba na neno hilo, zito kuliko mkungu niliokwenda nao. Nilikuwa nimesafiri kutafuta mtu wa kumzuia Shamsa, kumbe mtu mwenyewe ni mimi. Hapana moja tu ya kwangu, hata ya kutikisa kichwa, na jambo limekwisha. Ungetegemea nifurahi. Sikufurahi. Nilikuwa nimezoea kura yangu iwe moja kati ya nyingi, na sasa ilikuwa imelala kwenye kiganja changu peke yake.

Siku zikaenda. Shamsa hakuniuliza, nami sikusema. Alizunguka vijijini mchana, kila nyumba ya mwanachama, anarudi jua likizama, miguu imejaa vumbi, halafu anachemsha maji ya kunikanda magoti yangu kabla hajaosha miguu yake. Ninamwambia aoshe yake kwanza. Ananiambia, "Ndiyo, Mama," na anaendelea kunikanda. Mtu kama huyo utamfanya nini!

Lwakatare naye hakukubali kukaa. Akatangaza kwamba atagombea uenyekiti mwenyewe, akapata mwenza wake. Akaja kwangu na koti lake, akakaa kwa heshima, akasifu migomba.

"Ma Immakulata," akasema, "mimi na wewe ni watu wa zamani. Tunajua mipaka. Hatuna ubaya na yule binti, lakini ni mwanamke anayekula senene mbele ya wanaume."

"Najua," nikasema. "Ninayewakaanga ni mimi."

"Basi tunaelewana."

Nikamwambia ukweli, kwamba uteuzi ule sikuupenda tangu siku ya kwanza. Akaondoka ameridhika, akiamini benchi la wajane ameshalipata. Na mimi nilipobaki peke yangu sikuwa na uhakika kama hakulipata.

Wiki ya mkutano mkuu senene wakaanguka. Waliangukia kila mahali, kwenye nyasi, kwenye migomba, kwenye ndoo za maji. Asubuhi ya mkutano kijiji kizima kilinukia senene na vitunguu. Shamsa alitoka mapema akiwa amevaa gauni refu la kijani na mtandio mweupe. Mlangoni akasimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu.

"Mama, utakuja?"

"Mimi ni mwanachama," nikamjibu. Ndilo jibu nililompa, na akaondoka nalo hivyo hivyo.

Ghala lilijaa. Ta Aristides na Shamsa walikaa upande wa kushoto, Lwakatare na mwenza wake kulia, na sisi wajane benchi letu la mbele katikati. Wagombea walizungumza. Ta Aristides alisema machache. Shamsa alisema machache zaidi, kwamba kahawa mbichi ikiingia ghalani inaharibu na iliyo kavu ya jirani, na yeye hataipokea hata kama ni ya nani. Wengine wakapiga makofi, wengine wakamtazama Ta Aristides. Mzee akacheka mwenyewe.

Kisha Lwakatare akaomba dakika moja kabla ya watu kusimama. Mtu wake akaingia na sahani iliyofunikwa kwa jani la mgomba, akaiweka kwenye kigoda mbele ya Shamsa, akafunua. Walikuwa senene, wamekaangwa wekundu, wamejaa hadi ukingoni.

"Ndugu wanachama," Lwakatare akasema kwa ile sauti yake, "ni msimu. Tumkaribishe mgombea mwenza chakula cha kwetu, kama alivyozoea."

Wanaume wa nyuma wakaangua kicheko. Benchi langu halikucheka. Nilimsikia Celina akivuta pumzi. Nilielewa mtego, kila mwanamke pale alielewa. Akila, wazee wa kike hawatasimama nyuma ya mtu asiye na haya, wataondoka kwenda kupika. Asipokula, watu wote wanajua huwa anakula, basi ataonekana mnafiki hata kabla hajapewa kazi.

Shamsa hakuitazama sahani. Hakumtazama Lwakatare wala waliokuwa wakicheka. Alinitazama mimi.

Mikono yake ilikuwa imetulia magotini. Hakuwa ananisihi. Alikuwa ananiuliza, lile swali ambalo hakuniuliza nyumbani siku zote zile, na nilijua kabisa kwamba nikitikisa kichwa kidogo tu atainuka, ataomba radhi kwa mkutano, atarudi nyumbani, atapika ndizi, na jioni atanikanda magoti bila lawama. Ndicho nilichokitaka tangu Jumapili ile.

Nikageuka nikayaona meno ya wanaume wanaocheka, na hasira ikanishika, hasira safi. Huyu binti namgombeza mimi. Nimemgombeza kwa chumvi, kwa kupiga mluzi jikoni, kwa kumwambia mwenyekiti hapana, na nitaendelea kumgombeza Mungu akinipa uhai. Hiyo kazi ni yangu. Sikumwachia Lwakatare.

Nikasimama. Benchi zima likasimama nyuma yangu, kwa mazoea.

"Kaeni," nikawaambia. "Bado."

Nikatembea hadi kwenye kigoda. Nikapiga magoti, na magoti yakalia hata waliokaa mlangoni wakasikia. Nikawaamkia wanaume wote, upande huu na upande ule, kwa Kihaya cha mama yangu, salamu nzima bila kuikata. Salamu ya namna hiyo mwanamume hawezi kuiacha hewani. Kicheko kikafa, wakaitikia mmoja mmoja, Lwakatare naye akaitikia. Na nikiwa bado nimepiga magoti nikanyoosha mkono, nikachukua senene mmoja, nikamtia mdomoni.

Nikajisikia ninavyotafuna.

Nilikuwa nimejiandaa kumeza kama mtu anavyomeza dawa ya minyoo. Lakini meno yaliposhuka, mama yangu wee! Mafuta, kitunguu, ile ngozi inayovunjika kama ya kuku aliyekaangwa vizuri. Nikasahau mkutano. Nikachukua wa pili ili niwe na uhakika. Halafu wa tatu, na huyo nilimla kwa raha zangu.

"Wamepungua chumvi," nikasema.

Shamsa aliziba mdomo kwa mtandio. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na machozi yalikuwa yanamtoka, yeye mwenyewe hajui ni ya kicheko au ya nini. Nikamsukumia sahani. "Kula, mwanangu. Umetoka nyumbani hujala kitu."

Akala.

Nikainuka kwa kumshika bega, nikamgeukia Ta Aristides. "Ta, mimi leo sikuja kusimama nyuma yako," nikamwambia, mbele ya watu wote. "Hukuniuliza. Nimekuja kusimama nyuma ya huyu. Bahati yako katiba inanilazimisha nikubebe na wewe."

Mzee alicheka mpaka akavua kofia. Hiyo ndiyo hapana yake ya pili, na aliipokea vizuri kuliko ya kwanza. Nikaenda nikasimama nyuma ya Shamsa. Benchi likaja. Celina alizungukia kwenye kigoda kwanza, akachukua senene mmoja, akafumba macho, akameza bila kutafuna, akaja kusimama pembeni yangu akiwa na aibu na fahari pamoja. Wa nyuma yake naye akazungukia. Mpaka wajane wote tulipokwisha kupita, sahani ilikuwa tupu, na waliokuwa wakicheka walikuwa wanahesabu vichwa vyetu.

Ta Aristides na Shamsa wakashinda. Lwakatare si mtu mbaya. Alifungua vifungo vya koti, akaja akampa Shamsa mkono, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli chumvi ilipungua, maana aliyewakaanga ni mkewe.

Jua lilikuwa bado lipo niliporudi nyumbani. Nikakaanga senene wangu niliowaokota alfajiri, nikawatia kwenye sahani ya Karugendo, ile yenye ua la bluu, nikaichukua hadi kaburini kwake pale kwenye migomba. Nikakaa kwenye saruji. Nikala mbele yake.

"Karugendo," nikamwambia, "kila msimu ulininunulia kitenge, na mimi nikavaa, nikajiona nimependwa. Kumbe ulijua walivyo watamu! Ulikuwa unakaa kwenye kile kiti chako, unakula peke yako, unanitazama nikinawa mikono yenye mafuta, na ulikuwa unajua. Yule mtoto wa Bilele alinyoosha mkono siku ya kwanza, ukacheka, ukamwambia mwache. Mimi mbona hukuniambia nyoosha mkono?"

Hakujibu, bila shaka. Nikajibiwa na machozi yangu mwenyewe, maana nilikuwa namjua mume wangu. Ningenyoosha mkono hata mara moja, angecheka vile vile, na angeshika ubavu vile vile, na angenisogezea sahani.

Nikasikia hatua kwenye majani makavu. Shamsa alikuwa amekuja, bado amevaa gauni lake la kijani. Akanitazama uso, akaitazama sahani, akakaa chini karibu na miguu yangu.

"Mama, umekasirika?"

"Nimekasirika sana," nikamwambia, nikamsogezea sahani. "Kalete chumvi."